Mshtuko wa Moyo: Namna Dawa ya Kuzuia Damu Kuganda Inavyochaguliwa

Mkazi wa Morotonga, mkoani Mara, anayepata mshtuko wa moyo yupo mbali na Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI) jijini Dar es Salaam, ambako mishipa ya moyo huzibuliwa kwa njia ya tundu dogo. Hivyo, dawa anayopewa katika hospitali ya kwanza ina uzito mkubwa katika kuokoa maisha yake.

Mshtuko huo hutokea bonge la damu linapoziba mshipa unaolisha misuli ya moyo. Dawa ya kwanza ni aspirini, ambapo mgonjwa asiye na mzio nayo hutafuna miligramu 150 hadi 300. Utafiti wa ISIS-2 wa mwaka 1988, uliohusisha wagonjwa 17,187, ulionesha kuwa aspirini ilipunguza vifo vya moyo na mishipa ya damu kwa asilimia 23. Kwa kawaida huongezwa klopidogreli.

Kisha daktari huchagua dawa ya sindano. Heparini ya kawaida huisha mwilini haraka, nguvu yake huweza kuondolewa kwa protamini, na inafaa kwa mwenye figo dhaifu. Lakini huhitaji vipimo vya damu vya mara kwa mara. Enoksaparini hutolewa kulingana na uzito wa mgonjwa bila vipimo hivyo, ila dozi hupunguzwa figo zikiwa dhaifu. Fondaparinuksi huchomwa mara moja kwa siku, na utafiti wa OASIS-5 wa mwaka 2006 ulionesha kuwa husababisha kuvuja damu kidogo kuliko enoksaparini. Hata hivyo, mgonjwa aliyeitumia huongezewa heparini wakati wa kuzibuliwa mshipa.

Kwa msingi huo, hakuna dawa moja inayomfaa kila mgonjwa. Daktari huzingatia umri, uzito, hali ya figo, vidonda vya tumbo na historia ya kiharusi. Mgonjwa akipewa rufaa kwenda Musoma au Hospitali ya Kanda ya Bugando, Mwanza, barua yake haina budi kutaja dawa, dozi na saa aliyopewa, kwani kuchanganya enoksaparini na heparini huongeza hatari ya kuvuja damu.

Wananchi wanashauriwa kuwahi hospitali mara wanapohisi mgandamizo wa kifua, jasho jingi au kupumua kwa shida. Kueleza dawa zote wanazotumia, zikiwemo za asili. Na kutoacha dawa bila ushauri wa daktari.