Kachumbari Kutoka Kwenye Gunia

Leo nazungumza na akina mama, akina nyanya wanaolea wajukuu, na yeyote anayemlisha mtoto hapa Isiolo. Mada yetu ni kachumbari, kwa hivyo nyanya nitakazozitaja kuanzia sasa ni zile za kuliwa.

Wengi wetu huiona kachumbari kuwa kitu cha kuandamana na pilau siku ya sikukuu. Huko ni kuipunja. Maharagwe na ndengu zina madini ya chuma yanayojenga damu ya mtoto, lakini mwili huyapata kwa shida. Vitamini C iliyo katika nyanya mbichi na ndimu huusaidia mwili kuyachukua vizuri zaidi. Chai hufanya kinyume. Basi mtoto akila maharagwe, mwekee kachumbari kidogo kando, na chai ingoje kama saa moja. Najua hapa kwetu chai ya maziwa haingoji mtu, lakini jaribu.

Si lazima uwe na shamba. Tafuta gunia imara ambalo halikubeba dawa za kilimo. Changanya udongo na samadi ya mbuzi iliyokaa miezi kadhaa hadi ikaoza kabisa. Samadi mbichi ina vijidudu. Simamisha katikati kopo lililotolewa kitako na kifuniko, ulijaze kokoto, uzungushie udongo, kisha ulivute juu na kujaza tena, hivyo hivyo mpaka gunia lijae. Nguzo hiyo ya mawe ndiyo itakayofikisha maji chini. Juu panda miche miwili ya nyanya yenye vijiti vya kuishikilia, na vitunguu na dania pembeni. Ubavuni toboa matundu ya sukuma wiki. Gunia likae juani, tena lizungushiwe miiba, kwa sababu mbuzi wa mjini hawasubiri nyanya ziive. Dania utaichuma baada ya wiki 5 hivi, nyanya miezi 2 hadi 3 tangu kupandikiza miche.

Kama unanunua maji kwa mtungi, yale uliyosuuzia mboga au vyombo yanatosha gunia, mradi hayana sabuni nyingi wala dawa ya madoa. Yamwage kwenye mawe, kamwe usiyamwage juu ya matunda na majani.

Hapa sasa, mama, nisikilize vizuri. Kachumbari haipiti motoni. Uchafu ulioingia nao ndio utakaomfikia mtoto. Wako wanaosema ndimu huua vijidudu vyote, si kweli. Nawa mikono kwa sabuni. Osha kisu na ubao, hasa kama ulikatia nyama. Kisha osha nyanya, vitunguu na dania kwa maji yaliyochemka yakapoa, au yaliyotiwa dawa ya klorini kama chupa inavyoelekeza na kukaa dakika 30. Kitunguu kikiwa kikali, kifikiche na chumvi, ukisuuze kwa maji hayo hayo safi. Katakata, kamulia ndimu, mle papo hapo. Isilale.

Na ikitangazwa kwamba kuna kipindupindu, kama wakati wa mlipuko ulioanza nchini Oktoba 2022, acha kachumbari kabisa. Nyanya za gunia zipike.

Mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 ni maziwa ya mama tu. Baada ya hapo mpe nyanya iliyopikwa na kupondwa ndani ya chakula chake. Akishapita mwaka mmoja anaweza kuonja kachumbari iliyokatwa vidogo sana, bila pilipili.

Mtoto akiharisha, endelea kumnyonyesha na kumpa maji ya ORS, na uulize kituo cha afya kuhusu vidonge vya zinki. Macho yakididimia, akishindwa kunywa, au ukiona damu kwenye choo, usingoje kesho. Mpeleke saa hiyo hiyo, huku ukimnywesha ORS njiani.