Je, Wahindi wa kale walilichora Ziwa Victoria? Tukague chanzo kwanza

Huenda umeshakutana nayo kwenye simu: eti vitabu vya kale vya Kihindu, Purana, vilishachora chanzo cha mto Nile maelfu ya miaka iliyopita. Na shahidi anayetajwa ni mzito: John Hanning Speke, Mwingereza aliyelifikia ziwa letu hapa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858.

Sasa usisambaze kwanza. Tufuatilie pamoja.

Swali la kwanza: kweli Speke aliandika hivyo? Ndiyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 aliiweka ramani hiyo, akasema alipewa na Kanali Rigby, konseli wa Uingereza pale Zanzibar. Kilichomvutia ni jina Amara lililotajwa kwenye chanzo cha Nile. Yeye alisikia jina kama hilo upande wa kaskazini-mashariki wa ziwa. Wengi wetu tukifika hapa tunaridhika. Lakini kuthibitisha kwamba mtu alisema jambo si kuthibitisha kwamba jambo lenyewe ni kweli.

Swali la pili: ramani ilitoka wapi? Kwenye makala ya Francis Wilford, ofisa wa jeshi aliyekuwa India, iliyochapishwa Calcutta mwaka 1792.

Swali la tatu: Wilford naye aliipata wapi? Kwa msomi wa Kisanskriti aliyemwajiri. Wilford alimweleza anachokitafuta, yaani habari za Misri na Nile, na kweli msomi akaanza "kuzipata". Baadaye Wilford aliikagua miswada upya. Akakuta majina ya nchi yamefutwa na Misri kuandikwa badala yake, na kurasa nyingine zimebadilishwa. Mwaka 1805 alikiri hadharani, kwa maandishi, kwamba alidanganywa.

Angalia miaka hiyo. Ungamo lilichapishwa zaidi ya nusu karne kabla ya Speke kutoa kitabu chake, ila ramani ikaendelea kusafiri bila ungamo lake.

Na Amara je? Jina hilo lilishakuwamo kwenye vitabu vya Wazungu kuhusu Ethiopia kufikia karne ya 17. Halikuhitaji Purana kufika kwa Wilford.

Utasema: mbona Speke alikuwa sahihi kuhusu Nile? Ni kweli, maji ya ziwa hili huingia Nile, na mwaka 1875 Stanley alilizunguka ziwa lote kwa mashua akianzia Kageye, hapa jirani, akaimarisha hoja hiyo. Ila kupatia jambo moja hakuhalalishi ushahidi mbovu wa jambo jingine.

Tena, habari za ziwa Speke alizipata kwa wafanyabiashara Waarabu wa Kaze, Tabora ya leo, na kwa wenyeji. Wakerewe na Wasukuma walikuwa wakiishi kando ya maji haya siku zote. Ukisambaza ramani ya kughushi, hao ndio unaowafuta.

Kwa hiyo ukikutana na "siri ya kale" nyingine, usiishie kwa mwandishi maarufu. Uliza yeye aliipata kwa nani, na huyo naye kwa nani, hadi ufike mwisho.