Boldtusk, Shujaa wa Moto: Sifa Zake na Ila Zake

Watu wengi wauchezao mchezo wa Empires & Puzzles katika simu zao, na khasa wale ambao bado ni wageni ndani yake, wana mazoea ya kumpima shujaa kwa kuhesabu kwanza nyota zake, kisha kusoma tarakimu za nguvu zake, na mwisho kuitazama sura yake, nao wakisha kufanya hivyo hudhani kuwa wamemjua; na kipimo hicho, ingawa kinamfaa mtu mwenye haraka, kimewafanya wengi wawatumie mashujaa wema kama chakula cha kuwakuzia wengine wasiowafikia kwa manufaa. Aliyedhulumiwa kupita wote kwa kipimo hicho, kwa rai yangu, ni Boldtusk, jitu la rangi ya moto lenye meno yaliyochomoza mdomoni, ambalo nyota zake ni nne tu, na ambalo mtu akilitazama peke yake haoni kwa nini wachezaji wakongwe wanalitaja kwa heshima.

Mchezo wenyewe ulitungwa Helsinki, Ufini, na kampuni iitwayo Small Giant Games, ukatolewa mwaka 2017, na ukapendwa upesi kiasi cha kwamba mwishoni mwa mwaka 2018 kampuni ya Zynga ya Marekani ilitangaza kuinunua asilimia 80 ya kampuni hiyo kwa dola milioni 560, kabla ya Zynga nayo kununuliwa na Take-Two mwaka 2022. Nayataja mambo haya ya biashara kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba mchezo unaoishi kwa kuwauzia watu bahati ya kupata mashujaa wapya hauna budi kuzaa mashujaa wapya kila mara, na kila azaliwaye hana budi kuonekana ana nguvu kuliko aliyemtangulia, la sivyo nani atamnunua? Katika hali kama hiyo shujaa wa kale akiendelea kuwa na kazi ya kufanya, ipo haja ya kuuliza siri yake ni nini.

Uwanja wa mchezo una vigae 35, saba kwa upana na vitano kwa kimo, navyo ni vya rangi tano: nyekundu ya moto, buluu ya barafu, kijani ya maumbile, manjano ya utakatifu na zambarau ya giza. Mchezaji huingia vitani na mashujaa watano, na kila akipanga vigae vitatu au zaidi vya rangi moja, vigae hivyo huruka juu vikampiga adui kwa nguvu za mashujaa wenye rangi hiyo, na wakati huo huo huwajaza mashujaa hao mana, yaani ile nguvu ambayo ikitimia humruhusu shujaa kutumia ustadi wake maalumu. Moto hulishinda jani, jani huishinda barafu, na barafu huushinda moto, ilhali utakatifu na giza huumizana wenyewe kwa wenyewe. Na apigwaye kwa rangi inayomshinda huumia maradufu. Basi shujaa wa moto, awe nani, anaingia duniani na rafiki mmoja na hasimu mmoja: humfurahia adui wa kijani na humwogopa wa buluu.

Sasa tuitazame kadi ya Boldtusk kama ilivyoandikwa katika miaka ya mwanzo ya mchezo. Mwendo wake ni wa wastani, na akitimia hufanya mambo mawili kwa pigo moja: huwarudishia wenzake wote sehemu ya uhai wao, takriban theluthi, na huwaongezea wote nguvu za kushambulia kwa asilimia 48 kwa muda wa zamu nne. Yeye mwenyewe kwa ustadi wake hampigi mtu. Hapa ndipo mgeni anapokunja uso, kwa kuwa amezoea kumtaka shujaa anayeunguza, na huyu aliyepewa rangi ya moto hana hata cheche ya kumrushia adui.

Lakini ziangalie vizuri zile tarakimu mbili, utaona kuwa zote ni za uwiano. Mganga anayerudisha kiasi maalumu cha uhai, tuseme mia nne, atarudisha mia nne hizo hizo kwa shujaa mnyonge na kwa shujaa mkubwa, na siku zikipita, mashujaa wakawa na uhai mwingi zaidi, mia nne zake zitakuwa si kitu. Ama Boldtusk, arudishaye sehemu ya uhai wa kila mmoja, humrudishia aliye mkubwa kwa ukubwa wake. Kadhalika nyongeza yake ya mashambulizi haikutoka katika mwili wake, imetoka katika miili ya wale anaowaongezea, hata ukimweka kando ya shujaa aliyetolewa miaka mitano baada yake, nguvu mpya za shujaa huyo ndizo zitakazozidishwa kwa asilimia 48. Kwa maneno mengine, thamani ya Boldtusk inakua kila wenzake wanapokua, na watengenezaji wa mchezo, kwa kila shujaa mpya wanayemuuza kwa bei ghali, wanamnyanyua naye pasipo kukusudia.

Kisichokua ni mwili wake. Uhai wake na ulinzi wake ni vya shujaa wa nyota nne, ambaye ukomo wake hapo mwanzo ulikuwa ngazi ya 70 ilhali mwenye nyota tano alifika 80, na maadui wa leo hupiga kwa ukali usiofikiriwa alipozaliwa. Hii ndiyo ila yake kubwa, nami naitaja kabla ya nyingine zote kwa kuwa haina dawa kamili: atakuwa na zawadi ya kuwapa wenzake, naye atakufa kabla ya kuitoa.

Na kufa kabla ya kutoa si jambo la nadra, kwa sababu ya hesabu ndogo ambayo wachezaji wengi hawaifanyi. Shujaa wa mwendo wa wastani huhitaji vigae 10 vya rangi yake ili atimie. Katika uwanja wa vigae 35 wenye rangi tano, kwa kawaida utapata vigae vyekundu saba hivi, nao mpango mmoja wa kawaida ni vigae vitatu. Mipango mitatu basi ni vigae tisa, na kwa kigae kimoja tu kilichopungua Boldtusk hukaa akingojea mpango wa nne, ambao huenda uwanja ukaunyima kwa zamu mbili au tatu, na zamu mbili au tatu mbele ya adui mwepesi ni umri mzima. Kwa sababu hii wenye maarifa humpa askari, yaani wasaidizi wanaoambatana na shujaa vitani, wa aina inayoongeza kasi ya mana, kwani akiongezewa zaidi kidogo ya asilimia 11, vigae tisa hufanya kazi ya vigae kumi, na ule mpango wa nne hauhitajiki tena. Mchezaji wa bao hahesabu kete zake baada ya kuziachia, na mchezaji wa mchezo huu asimwingize vitani shujaa wa wastani bila ya kujua kigae chake cha kumi kitatoka wapi. Pia yafaa kujua kwamba vigae vinavyopita mahali pa adui aliyekwisha kufa, pasipo kumgonga yeyote, huwajaza mashujaa wako maradufu, ilhali vile vinavyomgonga adui aliye hai humjaza na yeye mana yake. Basi kumuua adui mmoja mapema na kuliacha pengo lake lipitiwe na vigae vyekundu ni njia ya hakika ya kumtimiza Boldtusk.

Jambo la wenzake ndilo lenye utajiri zaidi. Mwenzi wake mashuhuri ni Wilbur, naye ni wa moto na wa nyota nne, mwenye mwendo wa haraka, ambaye hupunguza ulinzi wa maadui wote kwa asilimia 44, huwaongezea wenzake ulinzi, na huwafunga kwa kamba ya roho ili pigo analopigwa mmoja ligawanywe kwa wote. Fikiri hesabu yake: nguvu za kushambulia zimekuwa 148 badala ya 100, ulinzi wa adui umekuwa 56 badala ya 100, na ukigawanya la kwanza kwa la pili utapata kwamba uwiano umezidi mara mbili na nusu, kabla hata ya rangi kuongeza la kwake. Wilbur huhitaji vigae vinane tu, kwa hiyo mpango wa tatu humtimiza, na Boldtusk hufuata nyuma yake kwa hatua moja. Hata ratiba zao zimekubaliana. Tena lile pigo lililogawanywa humuacha kila mmoja na jeraha dogo, na dawa ya Boldtusk, inayokwenda kwa wote kwa pamoja, haipotei kwa kumwagiwa mtu mzima asiyeumwa. Ukimwongeza Falcon, ambaye humpunguzia adui ulinzi dhidi ya moto peke yake, utapunguza mara ya pili bila kuifuta mara ya kwanza, kwa kuwa hizo ni athari za aina mbili. Ama ukimleta Gormek, ambaye naye hupunguza ulinzi wa kawaida kama Wilbur, mmoja atakanyaga kazi ya mwingine, nawe utakuwa umepoteza nafasi.

Hali ya kukanyagana huonekana pia kwa Kiril, mganga wa barafu, anayeponya na kuongeza mashambulizi kwa asilimia 30 na ulinzi kwa asilimia 30. Mtu akimtumia Boldtusk kwanza na Kiril baadaye, ile 30 hufuta ile 48, kwani nyongeza ya aina moja ikija juu ya mwenzake huiondoa ya zamani ijapokuwa ndiyo bora. Akigeuza mpangilio, akamtanguliza Kiril, atabaki na ulinzi wa Kiril na mashambulizi ya Boldtusk. Nimewaona watu wakilalamika kwamba waganga wawili katika kundi moja ni hasara, kumbe hasara ilikuwa katika kidole kilichogusa picha isiyo ya zamu yake.

Nyongeza yake tena haigusi kila kitu. Wako mashujaa wa moto, kama Colen na Azlar, ambao sehemu ya madhara yao ni kuunguza kwa kiasi kilichokwisha kuandikwa, zamu baada ya zamu, na kiasi hicho hakikui kwa kuongezewa nguvu za kushambulia. Linalokua ni pigo lao la kwanza na vigae vyao. Kwa hiyo humfaa zaidi mtu kama Scarlett, ambaye nguvu zake za kushambulia ni nyingi kwa daraja yake ingawa mwili wake ni dhaifu, kwani anapata kuponywa anakohitaji kuponywa, na kuzidishiwa pale alipo hodari.

Ama asichokiweza, hasafishi. Wenzake wakitiwa sumu au wakipunguziwa nguvu, atawaponya jeraha na kuwaachia maradhi, jambo ambalo Rigard wa rangi ya giza angelimaliza kwa pigo moja. Hafuti nyongeza za maadui kama wafanyavyo Melendor na Sabina. Na nyongeza zake mwenyewe hufutika: Sonya, wa barafu na mwepesi, huja na mambo mawili mabaya kwake kwa pamoja, rangi inayomshinda na ustadi wa kuzifuta nyongeza, na mchezaji amuonaye Sonya katika kundi la adui afadhali atafute mganga mwingine, au ahakikishe Sonya ndiye wa kwanza kufa.

Katika ulinzi, ambapo mashujaa wako huendeshwa na mashine yenyewe wewe ukiwa hupo, simpendi sana. Zamani watu walimweka katikati awe ngome, naye alistahimili. Siku hizi akiwekwa pale huanguka upesi, na mashine haijui kumngojea mwenzake amtangulie. Mahali pake pa kweli ni mashambulizi ambayo mchezaji ana hiari ya mpangilio, na kuliko kote ni katika vita dhidi ya jitu la kijani, lile liitwalo titani, ambalo muungano wote hulipiga kwa zamu, kila mmoja kwa muda wa dakika moja na nusu. Pale hapana maadui watano wa kuwachagua, pana mwili mmoja mkubwa. Madhara mengi hutoka katika vigae, na kila kigae chekundu hupata faida ya rangi, ya Wilbur na ya Boldtusk kwa pamoja.

Kwa hiyo mchezaji mwenye Boldtusk mmoja ngazi za chini na Azlar mmoja aliyempata juzi, asiyejua vyakula vyake vyekundu amlishe nani, hukumu yangu ni hii: amlishe Boldtusk kwanza, amfikishe ngazi ya 70, na akisha kupata Wilbur amlishe wa pili. Azlar, ambaye hupiga wote lakini kwa mwendo wa polepole unaodai vigae 12, na azidi kungoja.