Umri wa Kirikuu unasomwa kwenye chesisi

Dalali wa magari Dar es Salaam ukimuuliza Kirikuu hii ni ya mwaka gani, atakujibu papo hapo. Muombe akuonyeshe amejuaje. Kirikuu, yaani Suzuki Carry, iliyotengenezwa kwa soko la Japani haina ile namba ya herufi na tarakimu 17 inayobeba alama ya mwaka ndani yake. Ina namba fupi ya chesisi: herufi za modeli, kistari, kisha tarakimu za mfuatano. Kibati chake hutaja modeli, injini na rangi. Mwaka kwa kawaida hakiutaji.

Anza na herufi. DC51T na DD51T ni za kati ya 1991 na 1999. DA52T na DB52T zilikuja 1999, DA62T ikafuata 2001, na DA63T ikatoka 2002 hadi 2013 ilipoipisha DA16T. Nembo isikubabaishe, maana Mazda Scrum ya DG63T ni Carry hiyohiyo.

Ila miaka 11 ya DA63T ni mingi mno kwa mtu anayetoa mamilioni yake. Hapo ndipo tarakimu za nyuma zinapohitajika. Hupanda kadiri magari yanavyotoka kiwandani, na katalogi ya spea huonyesha kila badiliko lilianzia namba ipi. Muuza spea makini akipewa namba kamili huikaribia tarehe gari lilipoundwa kuliko karatasi yoyote ya mezani kwa dalali.

Karatasi nayo ina mtego wake. Cheti cha Japani cha kusafirisha gari nje huandika lini gari liliandikishwa mara ya kwanza, wala si lini liliundwa, na mara nyingi kwa kalenda ya enzi za wafalme wao. Enzi ya Heisei unaongeza 1988, Reiwa unaongeza 2018. Heisei 19 ni 2007. Anayeiona hiyo 19 akadhani ni 2019 amepunjwa miaka 12.

Tena gari lililoundwa Desemba likaandikishwa Februari lina miaka miwili tofauti bila mtu yeyote kudanganya. Kwenye uagizaji na kodi jambo hili ni zito. Kenya huhesabu ukomo wake wa miaka 8 kwa magari yanayoingizwa tangu usajili wa kwanza, wakati kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kinauliza mwaka wa kutengenezwa, na gari likizeeka ushuru wa uchakavu unaongezeka.

Ukiwa yadi, vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho usome lebo iliyoshonwa chini. Nyingi zina mwaka. Mkanda mmoja mpya kuliko gari huenda ulibadilishwa. Mikanda yote ikiwa mikongwe kwa miaka kadhaa kuliko mwaka unaotajiwa, usilipe kwanza.

Na hata mwaka sahihi haukutoshi ukienda mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta spea. Kirikuu mbili za 2001 zinaweza kusimama pamoja, moja DA52T yenye injini ya F6A inayotumia mkanda wa taimingi, nyingine DA62T yenye K6A inayotumia cheni. Mwenye duka hataki kujua mwaka. Atakuomba namba ya chesisi, kwa hiyo ipige picha kabla hujatoka nyumbani.