Pima Damu Kabla Hujachoma Sindano

Kwa mtu anayetumia dawa za kutunisha misuli, kipimo cha damu chenye thamani kuliko vyote ni kile ambacho wengi hukiruka: cha kabla ya sindano ya kwanza. Kijana huja maabara dawa imeshakaa mwilini wiki nane, kichwa kinamgonga au mkojo umekuwa rangi ya chai, na karatasi anayopewa haina cha kulinganishwa nacho. ALT, kipimo cha ini, ni 70. Je, kabla hajaanza ilikuwa 20 au 65? Hakuna ajuaye, na daktari hubaki kubahatisha.

Wasaka udanganyifu wa riadha walilijua hili zamani. Tangu 2009 shirika la dunia la kupambana na dawa michezoni lina utaratibu uitwao pasipoti ya kibaolojia: damu ya mwanariadha hailinganishwi na ya jirani yake, bali na yake mwenyewe ya miezi na miaka iliyopita. Mkenya Rhonex Kipruto, aliyekimbia kilomita 10 za barabarani kwa dakika 26 na sekunde 24 huko Valencia mwaka 2020 na kuweka rekodi ya dunia, alifungiwa miaka 6 mwaka 2024. Hakufungiwa kwa dawa iliyokutwa kwenye chupa ya mkojo. Kilichomponza ni mwenendo wa namba za damu yake, ingawa mwenyewe alikana. Wale wanatafuta kosa na wewe unatafuta usalama wako, lakini kanuni ni ileile.

Anza na hematokriti, yaani sehemu ya damu iliyo chembe nyekundu. Mpimaji huvuta matone ya damu kwenye mrija mwembamba wa kioo, mfano wa chelewa, huziba ncha moja kwa udongo wa kunata, huuzungusha kwenye mashine kwa dakika chache, kisha huulaza juu ya kipimio. Chini hukaa nyekundu, katikati utando mweupe usiozidi unene wa ukucha, juu maji ya manjano. Nyekundu ikichukua sehemu 45 kati ya 100, mwanamume yuko sawa. Testosteroni huuchochea uboho utengeneze chembe nyekundu kwa wingi, na madaktari wanaowatibu wanaume kwa homoni hiyo huisimamisha tiba hiyo pindi hematokriti inapovuka 54, kwa kuwa damu nzito hivyo inaweza kuganda mguuni, kwenye mapafu au kwenye ubongo. Kipimo hiki ni cha bei nafuu na hakihitaji hospitali kubwa.

Ila pwani ya Palma, Mocímboa da Praia na Ibo, kaskazini mwa Msumbiji, ina hila zake. Malaria ya mara kwa mara, minyoo ya safura na kichocho hupunguza damu. Mtu aliyeanza na 36 kwa sababu ya safura, akachoma dawa akafika 47, ataambiwa yuko sawa. Hayuko sawa: amepanda alama 11, na siku atakayotibiwa minyoo namba inaweza kupaa. Mfungo nao huvuta upande wa pili. Aliyefunga Ramadhani, akapiga tizi mchana, akatolewa damu saa kumi jioni, ataonekana na damu nzito kuliko aliyonayo kwa sababu ya kukosa maji tu. Apime asubuhi mapema, si mbali na daku.

Wapo wanaoamini kwamba hijama, au kupiga chuku kama wazee walivyozoea, inatosha kuipunguza damu iliyozidi. Sina ugomvi na hijama, lakini hesabu haikubali. Hospitali ikitaka kumpunguza mtu damu humtoa kama mililita 450 kwa mara moja. Vikombe vya mgongoni havikaribii kiasi hicho. Na asiende kuchangia damu kama njia ya kujitibu bila kusema anachotumia, hasa ikiwa aliwahi kuchangia sindano na mwenzake.

Sasa ini. Kwenye karatasi za upande wa Msumbiji utaona TGP na TGO. Ukivuka Ruvuma ukapimwa Mtwara, vipimo hivyohivyo huandikwa ALT na AST. Vimeng'enya hivi vimo pia kwenye misuli. Aliyebeba vyuma vizito juzi anaweza kuwa navyo juu ilhali ini lake ni zima, kwa hiyo apumzike siku 7 kabla ya kupimwa, au aombe na GGT, ambayo haitoki kwenye misuli. Vidonge kama stanozololi na metandienoni hulichosha ini kuliko sindano, na macho yakigeuka manjano hapo si pa kusubiri miadi. Lakini kabla ya kuilaumu dawa, pima homa ya ini B. Ugonjwa huo umeenea Msumbiji, na chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto wachanga mwanzoni mwa miaka ya 2000 tu, kwa hiyo watu wazima wengi hawakuipata. Pima na VVU.

Kreatinini ya figo huwatisha mabaunsa bure. Hutoka kwenye misuli, hivyo mwenye misuli mingi huwa nayo nyingi. Angalia pia kizio: 1.2 kwa miligramu ya maabara moja ni 106 kwa mikromoli ya nyingine, na nambari hizo mbili ni kitu kimoja.

Mafuta ya damu husahaulika, na kwa maoni yangu ndiyo yenye hatari ya kimyakimya. HDL, kolesteroli inayolinda mishipa, hushuka ndani ya wiki chache, hasa kwa vidonge, na mtu hahisi chochote. Huko Uholanzi wanaume 100 waliokuwa wakitumia dawa hizi walifuatiliwa kabla, wakati na baada ya kutumia. Presha na hematokriti zilipanda, HDL ikashuka, na moyo ukapunguza nguvu ya kusukuma damu. Mengi yalirudi baada ya kuacha, si kwa kila mtu. Denmark nako watumiaji 1,189 walifuatiliwa kwa takriban miaka 11, na vifo vyao vilikaribia mara tatu ya vya wanaume wa umri wao. Moyo uliotanuka hauonekani kwenye damu. Unahitaji kipimo cha mawimbi ya sauti. Kwa hiyo karatasi safi isichukuliwe kuwa kibali cha kuongeza dozi. Presha ipimwe kila wiki, maana mashine yake ipo hata kwenye duka la dawa.

Kupima kiwango cha testosteroni ukiwa katikati ya sindano hukuambia tu kilichomo kwenye chupa, kama kimo. Chenye maana ni LH na FSH, homoni zinazoziamrisha korodani, ambazo hushuka hadi karibu na sifuri.

Vipimo hivi vingi havipatikani kila mahali. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017, na shambulio la Palma la Machi 2021, vilifunga vituo vingi vya afya, na hata pale vilipofunguliwa huduma huwa za msingi: malaria, VVU, hemoglobini. Kwa mafuta, homoni na ini, safari ni ya Pemba au ya Mtwara. Ni afadhali usafiri wewe kuliko kutuma mrija wa damu kwenye gari siku nzima ya jua. Chembe zikipasuka njiani, AST na potasiamu hupanda kwa uongo.

Ukifika, mwambie mpimaji dawa unayotumia na siku ya sindano ya mwisho. Ukiacha, rudi baada ya miezi mitatu upimwe LH, FSH na testosteroni ya asubuhi, na kama unatafuta mtoto, mbegu pia. Mbegu moja huchukua zaidi ya miezi miwili kukomaa, na baadhi ya wanaume hungoja mwaka au zaidi. Kipindi hicho cha kungoja, chenye unyonge na kukosa hamu, ndicho kinachowarudisha wengi kwenye sindano, na ndipo karatasi ya kwanza kabisa, ile ya kabla, humwonyesha daktari umbali uliobaki.