Unataka kusomea nusu kaputi? Anzia kwa wagonjwa mahututi

Juzi baada ya sala ya isha, nikiwa barazani kwetu Makadara na kikombe cha kahawa tungu mkononi, binti wa ndugu yangu alikuja akaketi kando yangu. Ni muuguzi, leseni anayo, na ataka kusomea kazi niifanyayo mimi: kumlaza mgonjwa kwa dawa, kumlinda akiwa chini ya kisu, kisha kumwamsha.

"Ami," akaniambia, "nimepata nafasi mbili. Moja ni kliniki ya kibinafsi, kazi ya mchana na mshahara una afadhali. Nyingine ni ICU, zamu za usiku haziishi. Mama ataka nende kliniki."

Nilimwambia achukue ICU. Shemeji amenuna hadi leo, kwa hivyo acha nieleze sababu zangu hapa, maana najua si nyumba moja ya Pwani iliyo na kijana kwenye njia panda hii.

Hapa Kenya, wanaotoa dawa ya usingizi si madaktari bingwa peke yao. Wako maafisa wa kliniki waliosomea fani hiyo, na tuko wauguzi. Kule Kijabe, kaunti ya Kiambu, hospitali ya misheni ya AIC huwafunza wauguzi waliokwisha kusajiliwa kwa miezi 18. Mama anayepasuliwa saa nane za usiku kwenye hospitali ya kaunti, mara nyingi aliye kichwani pake ni mmoja wetu. Na tu wachache. Mwaka 2015 tume ya jarida la Lancet ilikadiria kuwa watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji na usingizi ulio salama na wa bei wanayoimudu.

Sasa, kwa nini ICU? Kwenye wodi ya kawaida muuguzi ana wagonjwa kumi, ishirini, pengine zaidi. Presha hupimwa asubuhi, ikapimwa tena jioni. ICU una mgonjwa mmoja au wawili, na humwachi. Mashine inampumulia, nawe wajifunza kila tarakimu yake yasema nini: pumzi ngapi kwa dakika, hewa kiasi gani, oksijeni asilimia ngapi. Presha ikishuka, pampu ya noradrenalini unaipandisha kidogo, unangoja, unatazama, unapandisha tena. Mpira wa kooni ukiziba kwa makohozi, wewe ndiye wa kwanza kujua, kwa sababu mlio wa mashine umebadilika. Hayo ndiyo tunayoyafanya chumba cha upasuaji. Tofauti ni kwamba kinachochukua saa tatu ICU, kwetu huchukua dakika tatu.

Mimi sikupitia huko. Nilitoka kliniki ya wagonjwa wa nje nikaingia moja kwa moja kwenye masomo ya usingizi, nikijiona mjanja. Wiki zangu za mwanzo, kwenye hospitali ambayo sitaitaja, tulimpiga mama mmoja sindano ya mgongo ili apasuliwe kujifungua. Muda si muda akasema ataka kutapika, uso ukampauka. Presha ilikuwa imeporomoka. Kitabuni nilikuwa nimesoma kwamba sindano ile hulegeza mishipa na damu hukosa msukumo, na dawa yake naijua jina. Lakini mkono haukwenda. Mwalimu wangu alinisukuma kando, akamlaza mama ubavu kidogo upande wa kushoto, akafungua dripu, akampa efedrini. Mama na mtoto walitoka salama. Wenzangu wawili waliotoka ICU walikuwa wameona presha ikianguka mara mia, na mikono yao ilikuwa inajua njia kabla ya kichwa. Mimi nilihitaji miezi mingi kuwafikia.

Haina maana kwamba ICU inafundisha kila kitu. Mgonjwa wa ICU mara nyingi hufika akiwa tayari amezidiwa. Wa kwetu huingia kwa miguu yake, akicheka na wewe, kisha wewe ndiye unayemwondolea pumzi na kuahidi kumrudishia. Woga wa kitendo hicho hakuna wodi inayokuzoesha. Kutia mpira kooni nako utajifunzia chumba cha upasuaji.

Na ICU zenyewe si sawa. Nilimwambia aulize: je, wauguzi huko hurekebisha pampu na mashine ya kupumulia wenyewe kwa maagizo waliyopewa, au wanaandika tarakimu tu na kumngoja daktari? Je, wagonjwa ni mchanganyiko, wa ajali, wa upasuaji, wa moyo, wa maambukizi ya damu? Chumba cha kifahari chenye wagonjwa wasio mahututi kitamfunza machache. Idara ya dharura hufunza wepesi, lakini mgonjwa ukishamtuliza huondoka, huoni kilichompata baadaye.

Kwa vijana wetu walio Marekani, au wanaopanga kwenda, huko jambo hili ni sharti. Huingii chuo cha usingizi bila angalau mwaka mmoja kamili wa uuguzi wa wagonjwa mahututi, na mwaka huo sharti uupate ndani ya Marekani na maeneo yake. Miaka yako ya Mombasa itakusaidia kupata kazi na kuimudu, ila haihesabiwi kwenye fomu. Tena tangu 2022 kila anayeanza masomo hayo huko husomea shahada ya udaktari, kwa hivyo piga hesabu ya ada mapema.

Shemeji hoja yake si ya kupuuzwa. Binti kutoka kazini alfajiri, amechoka, pengine amefiwa na wagonjwa wawili usiku mmoja, si jambo jepesi. Nilimwambia binti asikae huko akiwa anaumia kimyakimya. Mwaka mmoja au miwili ya kujifunza kwa dhati yatosha.

Anaanza Jumatatu. Mamake ameshatoa hukumu: nauli ya tuktuk ya kumrudisha kila asubuhi ni juu ya ami yake.