Pikipiki Kuukuu: Ufanye Nini Ikikuzimikia Njiani?

Pikipiki ni miguu ya mwananchi wa West Nile. Humfikisha askari kituoni, muuguzi zahanati, mkulima sokoni na mwanafunzi shuleni. Kutoka Arua hadi Koboko ni mwendo wa kilomita zipatazo 55. Barabara yote inayoanzia Vurra, mpakani mwa Kongo, hadi Oraba, mpakani mwa Sudan Kusini, ina urefu wa kilomita 92, nayo ilitiwa lami katika miaka ya 2010. Lami imepunguza vumbi na matope, lakini haikuleta dawa ya mashine kuharibika. Isitoshe, imeongeza kasi ya malori, na kwa hiyo kusimama ovyo kandokando ya njia kumekuwa hatari kuliko zamani.

Makala haya yanamhusu hasa mwenye pikipiki ya zamani, yule anayeitunza kama urithi wa mzee wake au kwa kuwa hana uwezo wa kununua mpya.

UKOO WA MASHINE HIZI

Askari wana haki ya kujivunia historia ya pikipiki, kwa maana vita ndivyo vilivyoieneza. Katika Vita Kuu ya Pili, kiwanda cha BSA cha Uingereza kilitengeneza zaidi ya M20 100,000 kwa ajili ya jeshi, na matarishi wengi wa kijeshi walizipanda. Baada ya vita, kiwanda hicho kikatoa BSA Bantam, iliyotengenezwa kuanzia 1948 hadi 1971, kwa kuiga mashine ya Kijerumani ya DKW.

Kisha wakaja Wajapani. Honda Super Cub ilianza kuuzwa mwaka 1958, na kufikia 2017 zilikuwa zimetengenezwa milioni 100. Katikati ya miaka ya 1970 Honda ikatoa CG 125, iliyokusudiwa nchi ambazo mwendeshaji hubeba mizigo mizito na husahau kubadilisha oili. Injini yake ni nyepesi kufahamika, na viwanda vingi vya Uchina viliiiga. Ndiyo sababu fundi aliyeijua CG ya zamani hababaiki anapofungua nyingi za pikipiki za Kichina za leo.

Mwenye mashine na ajue kwanza injini yake ni ya aina gani. Zile za mipigo miwili, kama Bantam, huchanganyiwa oili ndani ya petroli. Kwa kipimo cha moja kwa ishirini, lita 5 za petroli zataka robo lita ya oili. Anayeisahau oili huiua pistoni. Ukisikia injini ya namna hiyo inakaza ghafula, vuta klachi mara moja, la sivyo gurudumu la nyuma litajifunga na kukuangusha. Iache ipoe, wala usiimwagie maji, kwani chuma cha moto kikikutana na maji baridi huweza kupasuka.

KWANZA OKOA MAISHA

Mashine ikizimika, jambo la kwanza si kutafuta spana. Isukume hadi nje kabisa ya lami, hasa ukiwa konani au mteremkoni. Weka matawi mabichi barabarani, nyuma na mbele yako, umbali wa hatua hamsini au zaidi, na ukiondoka uyaondoe, yasije yakamdhuru mwingine. Usiku usichutame ukiwa umeyapa magari mgongo. Na ikiwa umembeba mgonjwa, mama mjamzito au mtoto mdogo, simamisha chombo kingine kimchukue kwanza. Mashine itatengenezwa baadaye.

MOTO, MAFUTA, HEWA

Injini haidai zaidi ya vitu hivyo vitatu. Kumbuka jinsi ilivyozimika. Ikiwa ilikohoa na kudhoofika kidogo kidogo, shuku mafuta. Ikiwa ilizimika ghafula kama taa iliyopulizwa, shuku umeme.

Kwa upande wa mafuta, geuza kilango cha tangi kwenye akiba. Fungua kifuniko cha tangi, kwani kijitundu chake cha hewa kikiziba petroli haishuki. Chomoa mpira uone kama mafuta yanatiririka. Yakitiririka, uchafu huenda umo ndani ya kabureta. Toa kile kijisumari chenye tundu jembamba na ukipulize kwa mdomo; usikichokoe kwa waya, maana utalipanua tundu lake. Wakati wote huo sigara na kibatari vikae mbali.

Kwa upande wa umeme, fungua plagi, irudishe kwenye kofia yake, iguse chuma cha injini mbali na tundu ilimotoka, kisha piga kiki. Cheche ya rangi ya buluu ni njema. Plagi iliyolowa ikaushwe. Iliyojaa masizi ikwanguliwe. Ncha ya kahawia ni dalili ya afya; nyeusi yasema mafuta yamezidi; nyeupe yaonya kwamba injini inaungua. Kama hakuna cheche, tazama platini, vile vyuma viwili vinavyogusana na kuachana. Vifute kwa karatasi safi, na mwanya wake uwe takriban milimita 0.3 hadi 0.4.

Hewa nayo isisahauliwe. Katika kiangazi cha Desemba hadi Februari vumbi jekundu huliziba chujio, na mashine hunywa petroli bila kuwa na nguvu.

MFUKO WA SAFARI

Beba spana ya plagi, bisibisi, koleo, plagi ya akiba, viraka na gundi yake, pampu, kipande cha waya na kiungo cha mnyororo. Ukikifunga kiungo hicho, upande uliozibwa wa kibanio chake uelekee mnyororo unakokwenda. Ukiziba pancha, papasa ndani ya tairi kabla ya kurudisha mpira, maana msumari uliokutoboa huenda ungali humo.

NENO KWA JAMAA NYUMBANI

Baba asiondoke bila kumwambia mama njia atakayopita na saa anayotarajia kufika. Mama naye, pamoja na vijana wa kike na wa kiume, wafundishwe kufungua plagi na kuziba pancha, kwani njia haichagui mtu. Fedha kidogo ziwekwe kila mwezi kwa ajili ya mnyororo, breki na matairi. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na kwa mpanda pikipiki ukuta huo huenda ukawa gharama ya hospitali. Kofia ngumu ivaliwe na kila apandaye, wa mbele na wa nyuma, hata kama safari ni ya kutoka Oli kwenda sokoni tu.

Pikipiki kuukuu haimwaibishi mwenyewe akiitunza. Ichunguze leo ikiwa uani, mchana, huku fundi akiwa karibu, usije ukalazimika kuichunguza gizani, nawe u peke yako, kati ya Arua na Koboko.